Foronya ya Panzi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa na kazi tatu: kuchota maji, kufagia ua na kumwamsha kaka yangu Guleid. Kazi mbili za kwanza hazikunisumbua. Ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu Guleid alilala fofofo, na kila nilipomvuta mguu alinirushia mto. Alikuwa darasa la nane, golikipa wa timu ya shule, mrefu hata akawa anainama kupita mlangoni.

Jumamosi moja ya Februari mwaka wa 1998 nilimvuta mguu asinirushie chochote. Alifumbua macho tu, akanitazama. Macho yenyewe yalikuwa ya manjano.

"Khadra, niache," alisema. "Sina nguvu."

Nikapiga yowe kumwita hooyo. Hooyo ni mama kwa Kisomali. Nyumbani kwetu tulizungumza Kisomali, ingawa hapa nawasimulia kwa Kiswahili ili tuelewane sote.

Msimu ule watu wa Garissa hawatausahau. Mvua ilianza kunyesha Oktoba ya mwaka uliotangulia na haikujua kuacha. Mto Tana ulifurika, vyoo vikajaa, maji machafu yakaingia visimani. Hapo mtaani kwetu Galbet tuliyanywa maji hayo bila kuyachemsha, maana kuni zote zilikuwa zimelowa. Barabara ya kwenda Nairobi ilikatika, na baba, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa amekwama ng'ambo ya mafuriko. Kisha ugonjwa wa mifugo ukazuka. Mbuzi na ngamia walikufa kwa wingi, na kuchinja kukapigwa marufuku. Ebu fikirini mji wetu bila nyama! Hata wazee waliokuwa hawaafikiani kwa lolote waliafikiana kwamba hayo si maisha.

Ayeeyo Shurie, yaani nyanya yangu, alikuwa amekuja kwetu kutoka Griftu, huko Wajir, baada ya mbuzi wake wote kufa. Tangu afike alikaa kimya mkekani, shanga za tasbihi mkononi. Niliwahi kumdhania bibi kizee asiyejua lolote la mjini. Naona haya kuyaandika hayo, lakini ndivyo nilivyofikiri.

Tulimpakia Guleid kwenye mkokoteni wa punda tukampeleka zahanati, mimi, hooyo na ayeeyo. Huko tulimkuta Daktari Mutiso, mtu wa Kitui, mfupi, mwepesi wa kucheka. Alimbonyeza Guleid tumbo upande wa kulia, chini ya mbavu, na Guleid akakunja uso.

"Homa ya ini," alisema. "Nimeona wengi wiki hii. Imetoka kwenye maji hayo. Lakini msikate tamaa. Ini lina tabia moja ninayoipenda sana: likiumia, hujijenga upya lenyewe. Ila fundi hajengi bila matofali. Apumzike, anywe maji yaliyochemka, na ale chakula chenye protini."

"Ale nini, daktari?" hooyo aliuliza. "Nyama hakuna. Maziwa tumeambiwa tuwe waangalifu. Kuku wetu wamebebwa na maji. Maharage akila anatapika."

Daktari alijikuna kidevu. "Kwetu Kitui mvua kama hii ingetuletea kumbikumbi. Tungewakaanga, na mgonjwa angepata protini kama ya nyama."

Hooyo alijifunika mdomo kwa mtandio. Mimi nilitema mate pembeni. Lakini ayeeyo alicheka. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka tangu mbuzi wake wafe. Kisha akazungumza Kiswahili chake cha Wajir, ambacho mimi nilikuwa nikikionea aibu mbele ya watu.

"Daktari, hiyo kumbikumbi ya wewe, abana. Sisi dini yetu haruhusu. Lakini banzi, hii sisi naita ayax, hiyo ni halali kabisa. Hata kuchinja hakuna. Mimi nakula tangu mtoto mdogo."

"Panzi?" Daktari alivuta kiti karibu naye. "Mama, mlikuwa mnawapika vipi?"

Ayeeyo alimweleza, nami nikamsaidia pale maneno yalipompotea. Alieleza jinsi nzige walivyoshuka Griftu akiwa msichana, wakala malisho mpaka ardhi ikabaki nyekundu. Ng'ombe wakakonda, maziwa yakakauka. "Sasa sisi tufanye nini? Yeye alikula majani ya sisi. Sisi tukakula yeye."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akawa makini. "Nisiwadanganye. Panzi si dawa ya ini. Wataalamu hawajasema hivyo, na mimi sitasema. Lakini wana protini nyingi, na madini ambayo mwili wa mgonjwa unayahitaji. Kama tumbo lake litawakubali, na wakiwa safi, mpeni kidogo kidogo. Kwa kweli, mama, leo umenifundisha."

Daktari mzima, mwenye koti jeupe, alimwambia ayeeyo wangu kwamba amemfundisha! Nilimtazama bibi kizee yule kana kwamba ndiyo kwanza anakuja kwetu.

Tuliporudi tulimkuta Abti Abdow, kaka ya mama, akitusubiri uani. Alimtazama Guleid machoni mara moja tu.

"Huu ugonjwa naujua," alisema. Alikunja mkono wa kanzu na kutuonyesha makovu mawili ya duara kwenye kifundo cha mkono. "Dawa yake ni moto. Kuna mzee anayechoma vizuri. Tumboni mara tatu, mkononi mara mbili, basi."

Guleid, ambaye alikuwa haogopi mkwaju wa penalti, alijifunika tumbo kwa mikono miwili.

"Daktari alitukataza hayo tulipokuwa tukiagana," hooyo alisema. "Amesema kidonda kitamwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa."

"Daktari hajui mambo yetu."

"Mimi nayajua," ayeeyo alisema. Hakupandisha sauti. "Nina makovu saba mwilini, Abdow. Nimezika pia watoto wawili wenye makovu kama yangu. Tupe mpaka Ijumaa."

Abti Abdow aliinamisha kichwa. Hakuna aliyezoea kubishana na ayeeyo. "Haya. Ijumaa baada ya swala nitakuja na yule mzee. Kama Guleid ataweza kutembea kutoka mkekani mpaka langoni, tutamwacha. Asipoweza, atachomwa."

Lango lilikuwa hatua kama ishirini kutoka mkekani. Siku ile Guleid hakuweza hata kukaa bila kushikwa.

Jumapili baada ya swala ya alfajiri ayeeyo aliniamsha. Alikuwa ameshika foronya nyeupe ya mto wangu. Tulikwenda uwanjani nyuma ya shule, ambako majani yalikuwa yamefika magotini kwa sababu ya mvua.

"Sasa tazama," alisema. "Panzi usiku hushikwa na baridi, na umande humlowesha. Kabla jua halijapanda hawezi kuruka. Unamchuma kama tunda. Jua likishapanda, hata ukiwa na mbio za farasi utarudi mikono mitupu."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamening'inia kwenye majani, wakubwa, wa rangi ya udongo, wamelala. Nilipomshika wa kwanza nilifumba macho. Nilipofika wa kumi nilikuwa nimesahau kuogopa. Ayeeyo alichuma kwa mikono miwili bila kupumzika, na kila aliyemwona na rangi za kung'aa alimpita. "Huyo anajipamba ili akuambie ana uchungu," alisema. "Mwache na urembo wake."

Hakuwapika siku ile. Aliifunga foronya akaitundika kivulini mpaka kesho yake, ili panzi wamalize kutoa uchafu wa matumboni. Jioni aliweka sikio kwenye kitambaa, akaniita nami niweke langu. Ndani mlikuwa na mchakacho kama wa mvua ndogo juu ya bati.

"Hao ni wazima," alisema.

Asubuhi aliwatumbukiza kwenye maji ya chumvi yanayochemka. Kisha tuliwang'oa vichwa, mabawa na miguu yenye miiba, tukawakausha kwenye chuma cha kupikia mikate yetu ya anjera bila mafuta mpaka wakavunjika kwa vidole. Akawatwanga kwenye kinu wakawa unga wa kahawia, na unga huo akautia katika uji mwembamba.

Guleid alinusa bakuli. "Mnataka kunilisha wadudu?"

"Unachagua wewe," nilimwambia. "Wadudu au moto."

Alikunywa. Tulikaa tukimtazama, tukingoja atapike. Hakutapika. Baada ya kitambo alisema, kwa kujikaza asionekane amefurahi, "Ina ladha kama ya nyama iliyokaushwa." Jumanne aliomba aongezwe. Jumatano alikaa mwenyewe, mgongo ukutani, akanikosoa jinsi nilivyofagia. Sikuwahi kufurahia matusi yake kama siku ile.

Habari zilienea. Majirani walikuja kumwona mgonjwa anayekula panzi, na ayeeyo alimwambia kila mmoja, "Ni mikono ya Khadra. Foronya inajaa kila alfajiri." Kutoka Jumatatu alikuwa akiniachia niende peke yangu, kwa sababu magoti yake yalimuuma kwa unyevu. Nilizipenda sana sifa zile. Nilizipenda kuliko ilivyofaa.

Maana Jumatano ileile nililala nikapitiliza. Ayeeyo alikuwa ameniita, nikaitika, nikajigeuza upande wa pili. Nilipofika uwanjani jua lilikuwa limeshachoma. Panzi waliruka kabla sijanyoosha mkono. Nilikimbizana nao mpaka nikaishiwa pumzi, nikapata kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili. Nitarudije na panzi kumi na mmoja, mimi mwenye mikono inayosifiwa Galbet nzima?

Nikateremka mpaka shamba la Mzee Alio, karibu na mto. Huko nilishangaa. Panzi walikuwa wamejaa chini kwenye mahindi, na hawaruki. Wengine walikuwa wamelala ubavu, wakichezesha miguu polepole. Nikawazoa kwa viganja. Foronya ilijaa kwa muda ambao ningetumia kunywa chai.

Sasa niseme ukweli. Pembeni mwa shamba kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kumefungwa kitambaa chekundu. Mwalimu alikuwa ametuambia kwenye paredi ya shule kwamba penye kitambaa chekundu pamepigwa dawa ya wadudu, tusikanyage. Nilikiona. Hata harufu niliisikia. Nilijiambia labda ni cha zamani, labda mvua imeshaosha, labda kumi na mmoja ni wachache mno. Mtu akitaka kujidanganya hakosi labda.

Jioni ayeeyo aliweka sikio kwenye foronya. Alilitoa, akaliweka tena.

"Wamenyamaza," alisema. "Khadra, uliwatoa wapi?"

"Palepale, nyuma ya shule."

"Labda walibanana wakakosa hewa." Aliifungua akatazama. Wote walikuwa wamekufa. "Si neno. Panzi hata akifa mwenyewe ni halali, kama samaki."

Ndivyo ilivyo katika dini yetu, na ndiyo sababu hakushtuka. Angekuwa mbuzi aliyekufa mwenyewe, ayeeyo asingemgusa hata kwa fimbo. Lakini huyu ni panzi, na aliyemleta ni mjukuu wake anayemwamini. Akafunga foronya akaitundika. Mimi nilikwenda kunawa mikono mara ya nne. Vidole vilikuwa vikiniwasha.

Alhamisi asubuhi nilimtazama akichemsha, aking'oa, akikausha, akitwanga. Kila hatua nilijiambia nitasema sasa, na kila hatua ulimi uliniwia mzito. Nikisema, sifa zitakwisha. Nikisema, Guleid hana chakula cha leo, na kesho ndiyo Ijumaa. Ayeeyo alitia unga katika uji, akakoroga, akampa Guleid bakuli.

"Bismillahi," Guleid alisema, akainua kijiko.

"Usile!"

Nilimrukia nikaupiga mkono wake, uji ukamwagika mkekani. Hooyo alitoka jikoni mbio. Guleid alinitazama kama aliyeona mwendawazimu.

"Nimekosa," nilisema, na kilio kikanitoka. "Sikuwatoa nyuma ya shule. Niliwatoa kwa Mzee Alio, penye kitambaa chekundu. Nilichelewa kuamka, nikaona aibu kuja na wachache."

Nilingoja kofi. Ayeeyo alisimama, akachukua bakuli, sufuria na unga wote uliobaki kinuni. Alichimba shimo refu nyuma ya choo, akafukia. Alisugua kinu kwa mchanga na sabuni, akakisuuza mara tatu. Foronya yangu nayo ikaingia shimoni. Alipomaliza alinishika mkono, akaniambia neno moja tu: "Twende."

Kule zahanati Daktari Mutiso alininawisha mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akanitazama machoni na kunisikiliza kifua. Alipohakikisha kwamba mimi ni mzima, na kwamba Guleid hakumeza hata tone, aliketi akashusha pumzi.

"Khadra, unajua ini hufanya nini?" aliniuliza. "Kila tunachokula hulifikia. Chakula likakipokea, likakipeleka panapohitajika. Sumu nayo hulifikia, na ni lilelile linalopigana nayo. Ini la mtu mzima wa afya lingehangaika na dawa ile. La kaka yako limelala kitandani pamoja naye. Unaelewa ulichokuwa unampa?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Na unaelewa ulichomwondolea?" aliongeza, sasa kwa upole. "Panzi walewale, jiko lilelile, bakuli lilelile. Kwa macho hakuna ambaye angejua. Mimi na vyombo vyangu vyote nisingejua. Ni wewe tu uliyejua, na ukasema."

Njiani kurudi ayeeyo hakuninunia wala hakunisifu. Tulipofika langoni aliniuliza, "Ile foronya nyingine iko wapi?"

"Ipo, ayeeyo. Ya Guleid."

"Iandae. Ukimaliza kufagia, nenda ukamwombe Mzee Alio msamaha. Halafu ulale mapema."

Siku hiyo Guleid alikunywa uji mtupu. Usoni alikuwa mlegevu, na mimi niliogopa kumtazama.

Ijumaa nilikuwa macho kabla ya adhana. Nilipotoka uani nilimkuta ayeeyo tayari amesimama, fimbo mkononi, magoti yamefungwa vitambaa. Tulikwenda uwanjani pamoja. Panzi walikuwa wamepungua, kwani sisi wenyewe tulikuwa tumewavuna siku nne. Tulichuma mpaka jua likatoka, na foronya ya Guleid haikufika nusu. Kwa kuwa hatukuweza kungoja mpaka kesho yake, ayeeyo aliwafungia mpaka karibu na adhuhuri, kisha akawapika kwa uangalifu zaidi, akibinya tumbo la kila mmoja kwa kidole gumba kutoa uchafu.

Guleid alikula akamaliza. Akaramba kijiko.

Baada ya swala ya Ijumaa tulisikia hodi. Ni Abti Abdow, na nyuma yake mzee mmoja mwembamba aliyebeba kifurushi cha vyuma. Hooyo alinyanyuka kwenda kufungua. Ayeeyo akamzuia kwa mkono.

"Abti anabisha hodi, Guleid," alisema. "Nani atamfungulia?"

Guleid aliweka kiganja ukutani, akasimama. Miguu ilitikisika. Hatua ya kwanza, ya pili. Alipofika hatua ya kumi alisimama kupumua, na mimi nilikuwa nimeng'ata mtandio wangu mpaka ukaloa. Kisha akaendelea. Alishika komeo, akalivuta.

"Karibu, abti," alisema.

Abti Abdow alimtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Macho ya Guleid yalikuwa bado ya manjano, na yangebaki hivyo wiki kadhaa. Lakini alikuwa amesimama langoni. Abti alimgeukia yule mzee wa vyuma, akamwomba radhi, akamkaribisha chai. Wote wawili waliingia wakaketi, na vyuma vikabaki ndani ya kifurushi.

"Ni panzi wamemponya?" Abti aliuliza akipuliza chai.

"Mungu ndiye mponyaji," ayeeyo alijibu. "Amepumzika, amekunywa maji yaliyochemka, amekula. Ini lake limefanya kazi yake. Panzi wamesaidia kubeba matofali, kama asemavyo daktari."

"Na hii mikono ya Khadra, foronya inajaa bado?"

Niliinama. Nilijua ayeeyo hasemi uongo, na nilijua kila neno litakalotoka lingefika kwa majirani kabla ya magharibi.

"Leo imekuja nusu," ayeeyo alisema. Alinyoosha mkono akaitungua ile foronya. Panzi wachache alikuwa amewabakiza ndani kwa ajili ya kesho. Alinipa. "Sikiliza, Khadra. Abti yako naye awasikie."

Niliiweka sikioni, abti akasogeza lake. Ndani mlichakarika mvua ile ndogo juu ya bati.

"Juzi ilijaa ikanyamaza, nami nikapika," aliniambia mbele ya wote. "Kosa lile tulikosa sote wawili, wewe kwa kusema uongo, mimi kwa kutouliza mara ya pili. Lakini jana ulisema ukweli wakati ambapo ungekugharimu sifa zote. Mjukuu wangu, chakula cha mgonjwa lazima kipikwe na mtu mkweli. Kuanzia leo, foronya hii ni yako, nami sitaiwekea sikio tena."